Mwili unazeeka, baiskeli ni ile ile: ishushwe siti au upandishwe usukani?

#1 Fundi Timazi
Wakuu, salaam. Naleta hoja, mnipasue mkiona nimekosea.

Mtu akivuka hamsini akaanza kulalamika mgongo au goti juu ya baiskeli, ushauri wa kwanza anaopewa ni "shusha siti kidogo". Nasema huo ni ushauri wa mazoea. Kweli, kimo kinapungua, takriban sm 1 kila miaka kumi baada ya 40, na baada ya 70 kasi inaongezeka. Lakini kinachopungua ni mgongo: zile sahani za kati ya pingili zinapoteza maji na kubonyea. Mfupa wa paja na wa ugoko haufupiki. Mguu ni ule ule, sasa siti unaishushia nini?

Kilichobadilika ni safari ya kutoka nyonga hadi viganja. Kiwiliwili kimefupika, shingo haiinuki kama zamani, nyonga hazikunji vizuri. Kwa hiyo kinachotakiwa kusogea ni usukani, uje juu na karibu. Siti ibaki.

Kipimo: simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja ukivute juu mpaka kiguse mfupa, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Ukipata sm 84, zidisha kwa 0.883, jibu 74.2. Hiyo ni kutoka katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono ya chuma inayoshika pedali) hadi juu ya siti, tepu ikifuata bomba la fremu linalopanda kwenye siti. Kanuni hii haijui kama una miaka 30 au 70.

#2 Cheni Kavu
Nimekaa siti ya mbele nawasubiri mafundi.

#3 Nati Legevu
Timazi, mifupa umeipatia, ila baiskeli haiendeshwi na mifupa. Misuli ya nyuma ya paja ikikaza, mguu unapoelekea chini nyonga inavutwa, kiuno kinapinda, na mtu anaanza kutupa makalio kushoto na kulia ili aifikie pedali. Ukutani ana sm 84, kwenye baiskeli anatumia 82. Ndiyo maana siti ikishuka kidogo tu anapata nafuu.

Jaribio lake halihitaji mashine. Funga baiskeli kwenye stendi ya mazoezi, bandika utepe mweupe mlalo nyuma ya kaptura, usawa wa kiuno. Apige pedali dakika kumi misuli ipate moto, halafu mwangalie kwa nyuma. Utepe ukicheza kama mizani ya sokoni, siti iko juu. Shusha mm 3, rudia. Ukishafika mm 10 na bado unacheza, simama hapo: tafuta kama mguu mmoja ni mfupi, au siti yenyewe ni pana mno inamsukuma mapaja.

#4 Mama Pedali
Kabla hamjatoana macho, kipimo cha #1 kina kasoro. Hiyo 0.883 ilipata jina kupitia Greg LeMond, yule bingwa wa mbio za baiskeli, miaka ya 1980, enzi za viatu vya soli nyembamba na pedali za mikanda, na haiulizi kabisa urefu wa krenki. Kuna ya zamani zaidi, ya watafiti Hamley na Thomas, 1967: asilimia 109 ya mguu, kutoka ekseli ya pedali hadi juu ya siti. Kwa sm 84 ni 91.6. Toa krenki ya sm 17, unabaki na 74.6, karibu sawa na LeMond. Sasa weka krenki ya 15.5: inakuwa 76.1, wakati LeMond bado ameganda kwenye 74.2. Karibu sm 2 zimepotea, na anayewekewa krenki fupi mara nyingi ni huyohuyo mzee tunayemzungumzia.

Hizo namba ni za kuanzia tu, baada ya hapo goti liseme lenyewe. Pedali ikiwa chini kabisa, mkunjo wa goti uwe kati ya digrii 25 na 35. Kipimapembe kinafuata alama tatu: nundu ya mfupa pembeni mwa nyonga, katikati ya goti kwa nje, na kifundo cha nje cha mguu. Mtu mlaini anaweza kukaa 27. Mwenye misuli iliyokaza mwanzishie 33 au 34. Kwa hiyo wote wawili mna haki kidogo, msifurahi sana.

#5 Spoku 36
Wakuu, swali. Miaka 63, goti la kulia linaishia digrii 100 za kukunja na daktari kasema haliongezeki. La kushoto zima. Krenki mm 170. Nimeambiwa nipandishe siti. Nimeambiwa pia niishushe.

#6 Krenki Fupi
Spoku, siti iache kwanza. Goti linakunjwa sana pedali ikiwa juu, na huko mwenye amri ni krenki.

Piga hesabu na mimi. Paja sm 42, goti hadi pedali sm 45, siti imewekwa ili goti libaki na digrii 30 pedali ikiwa chini. Kwa krenki ya 170, pedali ikifika juu goti linakunja digrii 110 hivi. Kwa 155, linakunja 105. Kwa 140, ndiyo unafika 100. Kila mm 15 inakuokolea kama digrii 5. Sababu ni kwamba unalipwa mara mbili: pedali ya juu inashuka mm 15, na siti unaipandisha mm 15 ili mguu uendelee kufika chini kama zamani. Goti limepata nafasi ya mm 30. Ukizoea kushusha kisigino pedali inapopita juu, unaongeza chache nyingine.

Kwa hiyo wanaokwambia "weka 165 utapona" wanakupotezea muda. 165 ni nafuu ya digrii moja na nusu. Wewe tafuta 140, au vile vipande vya chuma vyenye matundu kadhaa vinavyofungwa juu ya krenki iliyopo. Tatizo la hivyo vipande: vinasukuma pedali nje, miguu inatanuka.

Kufungua krenki ya ekseli ya pembe nne: toa bolti ya katikati, na hakikisha washa yake imetoka nayo. Ikibaki ndani, kivutio (kifaa cha kung'olea krenki) kitasukuma washa badala ya ekseli na utang'oa nyuzi. Safisha nyuzi za krenki, skrubu kivutio kwa mkono mpaka kizame chote, ndipo uanze kukaza kitasa chake kwa spana. Nyundo usiiguse. Kurudishia, bolti ikazwe Nm 35 hadi 50 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha irudiwe baada ya safari ya kwanza. Krenki iliyolegea ikiendeshwa siku moja inatafuna tundu lake la pembe nne, na likishakuwa duara hakuna dawa.

#7 Gogo la Mlima
140! Mlimani huyo atashuka asukume. Nyenzo imekatwa karibu asilimia 18.

#8 Krenki Fupi
Nyenzo imekatwa, ndiyo, ila gia zipo kwa kazi hiyo. Sproketi kubwa ya nyuma ikitoka meno 28 kwenda 34 umerudishiwa asilimia 21. Angalia tu kama kibadili gia chako kinameza 34, na cheni ikikaa kubwa-kwa-kubwa (meno makubwa mbele na nyuma) isivutike kama kamba ya gitaa. Kuhusu nguvu, watafiti Martin na Spirduso walipima krenki za mm 120 hadi 220 mwaka 2001, nguvu ya juu kabisa ikatofautiana kama asilimia 4 tu kati ya bora na mbaya.

#9 Gogo la Mlima
Walipima mbio fupi za sekunde chache. Mlima wa nusu saa ni habari nyingine, na goti la miaka 63 ni habari ya tatu. Ila hoja ya gia naikubali.

#10 Nati Legevu
Na kwa nini pande zote mbili ziwe 140? Kulia 140, kushoto 170 abaki na nguvu yake.

#11 Krenki Fupi
Siti utaiweka kwa kipimo cha mguu upi? Ukiipandisha kwa ajili ya 140, mguu wa 170 unaning'inia mm 30. Ukiiacha, goti bovu halinyooki na faida nusu imekwenda. Wapo wanaofanya hivyo, wanaishia kuongeza soli kiatu kimoja. Bora pande zote zilingane.

#12 Fundi Timazi
Mmeona lakini? Siti imepanda mm 30, wala haijashuka. Na hapo ndipo hoja yangu ya kwanza inarudi: siti ikipanda 30 na usukani ukabaki, mtu kainamishwa mm 30 zaidi. Usukani upande 30 ili arudi alipokuwa jana, kabla hata hujaanza kumhurumia mgongo.

Namba za kukusaidia, kwa fremu ambayo shina la foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) limelala digrii 73:
Ringi za mm 10 chini ya stemu (kipande kinachounganisha usukani na shina hilo) zinapandisha usukani kama mm 10 na kuurudisha nyuma mm 3. Watu wanaisahau hiyo 3.
Stemu ya mm 100 ya digrii 6 ikigeuzwa juu chini: usukani unapanda mm 20, unarudi 6. Hii haina gharama, ni dakika ishirini na spana ya L.
Ya digrii 17 ikigeuzwa: unapanda mm 56, unarudi 17. Haipendezi machoni, inakaa kama shingo ya twiga, ila shingo ya mtu inashukuru.

Ukimaliza, pinda usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Waya za breki na gia zikivutika, hujamaliza. Badilisha waya kabla hujatoka nje.

#13 Cheni Kavu
Ongeza onyo: shina la foku la kaboni halirundikiwi ringi bila mpaka. Watengenezaji wengi wanaishia mm 30 hadi 40, soma maelezo ya foku yako. Na shina lililokwishakatwa fupi halirefuki, ringi zinaweza kuhamishwa tu kutoka juu ya stemu kwenda chini yake.

#14 Mama Pedali
Na mpangilio wa kukaza. Bolti ya kifuniko cha juu kwanza, taratibu, mpaka usukani usigonge ukishika breki ya mbele na kusukuma mbele-nyuma. Ndipo unanyoosha stemu na kukaza bolti za pembeni kwa zamu, nyingi ni Nm 5 lakini namba imeandikwa kwenye stemu yenyewe. Anayeanza na za pembeni halafu akahangaika na kifuniko anakaza hewa, beringi hazisikii kitu. Ncha ya shina iwe chini ya ukingo wa juu kwa mm 3 hivi, vinginevyo kifuniko kinagota kwenye shina.

#15 Mzee Kliti
Uzi mzima mnazungumzia mguu kama unaishia kwenye kifundo. Unyayo je? Upinde wake unalegea na miaka, mguu unarefuka na kutanuka, wa kiatu 42 anahamia 43. Wayo ukilala kwa ndani, ugoko unazunguka, goti linaingia ndani kila pedali ikikandamizwa. Maumivu ya upande wa ndani wa goti mnaipelekea siti kesi isiyo yake. Kisoli chenye kunyanyua upinde kinaweza kumaliza mambo kabla hujagusa spana.

Pili, kliti, kile kipande cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedali. Irudishe nyuma mm 5 hadi 10 kutoka pale vijana wanapoipenda, ekseli ya pedali ikae nyuma kidogo ya nundu ya dole gumba. Ndama na kano ya kisigino zinapumua. Ukirudisha 10, mguu umekuwa mfupi kidogo, shusha siti mm 2 au 3.

Tatu, uhuru wa kuzunguka. Kliti za Shimano za barabarani: njano digrii 6, bluu 2, nyekundu sifuri. Goti la zamani na kliti nyekundu havikai nyumba moja. Kwa za milimani ipo SH56 inayofunguka pande nyingi, nzuri kwa ambaye nyonga yake haitaki kuzungusha kisigino nje ghafla.

#16 Nati Legevu
Nanukuu: "shusha siti". Asante Mzee Kliti.

#17 Fundi Timazi
Milimita mbili! Hiyo hata kaptura mpya yenye sponji nene inazidi.

#18 Pimamaji
Hata sponji ya siti yenyewe. Siti ya miaka kumi imebonyea mm 5 au zaidi pale makalio yanapokaa, mtu anasema mwili umebadilika kumbe ni siti. Pima kutoka pale unapokalia, si kwenye pua yake.

Ila mimi nina ugomvi na Timazi. Kila uzito unaoutoa mikononi unaupeleka makalioni, na kwenye pingili zilezile ulizosema zimebonyea. Usukani ukipanda mm 40 kiwiliwili kinasimama, nyonga inalala nyuma, mtu hakalii tena ile sehemu nyembamba ya siti. Siti aliyoipenda miaka ishirini inakuwa adui ndani ya wiki. Ongeza kwamba mafuta na ngozi ya makalio vinapungua na umri, na kwa wanawake baada ya kukoma hedhi ngozi ya mbele inakuwa nyembamba na kavu.

Kupima: weka karatasi ya boksi kwenye stuli ngumu, ikalie dakika moja mikono ikivuta stuli juu, nyanyua visigino. Yatabaki mashimo mawili. Pima katikati hadi katikati. Likiwa mm 120, kwa mkao wa kuinama tafuta siti ya 140 hivi, kwa mkao wa kusimama ongeza tena 10 hadi 20. Usikimbilie jeli laini: mifupa inazama, katikati panapanda, ganzi inaanza. Weka pimamaji juu ya siti, anzia usawa kabisa, pua ishuke digrii 1 au 2 basi. Ukizidisha unateleza mbele na uzito unarudi mikononi ulikoutoa.

#19 Fundi Timazi
Mshtuko wa pingili dawa yake ni tairi. Toka mm 28 nenda 35 kama fremu na breki zinaruhusu, punguza upepo. Haihitaji kumwinamisha mtu.

#20 Mama Pedali
Kuhusu shingo, kabla ya kugeuza stemu mwulizeni mtu kama ana miwani. Akiinama, macho yanatazama barabara kupitia ukingo wa juu wa miwani, au juu yake kabisa. Fremu ya miwani ikikatiza pale, anainua kidevu ili kioo kifike usawa wa macho. Kidevu kikikaa hivyo saa mbili, shingo inawaka na fundi anaambiwa usukani uko chini. Vioo virefu vinavyokaa karibu na nyusi vinaweza kumaliza kesi nzima bila ringi hata moja. Na wenye miwani ya kusomea kwa chini, kisomeo cha kasi kiwekwe mbele ya stemu, siyo juu yake, wasilazimike kuchimba kidevu kifuani.

#21 Gogo la Mlima
Mkiendelea hivi ukurasa wa tatu tutamlaza chali kabisa, apige pedali akitazama mawingu.

#22 Cheni Kavu
Akilala chali shingo nayo inataka mto. Hamna pa kukimbilia.

#23 Mzee Kliti
Gogo anatania ila Krenki Fupi kaacha shimo. Siti imepanda mm 30, je, akisimama kwenye taa mguu unafika chini? Kwa mwenye nyonga ngumu, kupanda na kushuka ndiko kunakoangusha kuliko kuendesha.

#24 Krenki Fupi
Shimo nimelikubali. Kuna bomba la siti la kushuka kwa kitufe, wanalitumia wa milimani: bonyeza, kaa, siti inashuka mm 50 au zaidi, mguu chini. Ukianza tena unabonyeza, inapanda yenyewe. Pima tundu la fremu kwanza, mm 27.2, 30.9 na 31.6 haziazimani. Asiyetaka hilo alaze baiskeli upande wake kabla ya kurusha mguu, au anunue fremu ambayo bomba lake la juu limeshushwa. Na mazoea ya kushuka mbele ya siti kabla ya kusimama hayana gharama.

#25 Nati Legevu
Kwa hiyo siti INASHUKA.

#26 Fundi Timazi
Ikiwa imesimama!

#27 Spoku 36
Nimefuatilia yote. Jingine: baada ya saa moja vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, cha pete na kidogo.

#28 Pimamaji
Hivyo viwili ni neva inayopita ukingo wa kiganja upande wa kidole kidogo. Ingekuwa dole gumba na vya katikati, ni ile ya katikati ya kifundo cha mkono. Kwako: angalia pua ya siti haijashuka mno, zungusha mikono ya breki ili kiganja na mkono viwe mstari mmoja, tumia vishikio vyenye bapa la kiganja. Na kwenye mkono wa breki kuna skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na vidole. Nguvu ya kushika ikipungua, hiyo skrubu ni muhimu kuliko stemu. Sogeza, kisha hakikisha mkono haugusi usukani breki ikikazwa yote.

#29 Cheni Kavu
Timazi, jibu hili. Kimo cha asubuhi kinazidi cha jioni kwa sm 1 au zaidi, sahani zilezile za pingili. Usukani aupime asubuhi au jioni?

#30 Fundi Timazi
Saa anayoendesha. Na baada ya nusu saa ya kupiga pedali.

#31 Nati Legevu
Misuli ikishapata moto, yaani. Ndicho nilichosema #3. Mwenye misuli iliyokaza anabadilika kuliko mwenye mgongo mfupi, na huyo ukimpimia akiwa baridi siti utaikosea.

#32 Mama Pedali
Mpimieni vyovyote, ila badilisheni kitu kimoja kwa mara moja. Zungushia utepe bomba la siti pale lilipoingia kwenye fremu, piga alama kwenye reli za siti, andika namba za zamani. Panda au shuka mm 3, safari mbili tatu, ndipo uguse kingine. Spoku ukibadilisha krenki, siti, stemu na kliti siku moja, goti likiuma hutajua umshike nani.

#33 Spoku 36
Nimeanza na krenki basi. Pedali ya kushoto imegoma, nimeikalia spana kwa uzito wote.

#34 Krenki Fupi
Ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, inawezekana umekuwa ukiikaza. Simamisha spana ya 15 iangalie juu, vuta kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili ni hivyohivyo, nyuma kufungua. Mafuta ya kupenya kwanza, subiri usiku mzima, na cheni iwe kwenye meno makubwa ya mbele, mkono ukiteleza usikutane nayo. Kurudishia, grisi kwenye nyuzi.